Miwa Ikikatwa

Wifi yangu Zipporah alikuwa karani wa kanisa letu pale Butere, na kwa miaka kumi na minne aliwapigia watu taipu vyeti vya ndoa huku yeye mwenyewe hana. Mganga hajigangi, lakini huyu alizidi. Alikuwa amezaa watoto watano na kaka yangu Cornelius, ng'ombe walishapelekwa kwao, wazee wameridhika. Kanisa ndilo halikuridhika. Kila Jumapili ya Meza ya Bwana, yeye aliyeosha vikombe alibaki kitini, na wezi wa kuku ninaowajua kwa majina wakapita mbele yake kwenda kunywa.

Cornelius hakukataa harusi. Angekataa ingekuwa afadhali. Alisema tu, "Miwa ikikatwa, Mama Jescah." Miwa ikakatwa, akanunua baiskeli. Ikakatwa tena, mabati. Mara ya tatu akaleta redio, akaiwasha mpaka ng'ombe wakakataa kutoa maziwa. Hiyo ilikuwa miaka ile kila mtu kwetu alipanda miwa mpaka mlangoni, na ukitaka mahali pa kupanda sukuma wiki unaambiwa upande kichwani.

Sasa askofu akatangaza kwamba atakuja kufungisha ndoa za pamoja. Anayeandika orodha ya wachumba ni nani? Ni karani. Zipporah akaandika jozi nane, halafu, bila kumuuliza mtu, akajiandika yeye na Cornelius, jozi ya tisa. Jumapili tatu Kasisi Makhanu alisoma yale majina na kuuliza kama kuna mwenye pingamizi, na kanisa zima likageuka kuniangalia mimi, dada ya bwana harusi. Nikaangalia dari. Cornelius hukanyaga kanisa Krismasi tu, kwa hiyo hakujua lolote.

Alijulishwa Jumatatu ya wiki yenyewe, mbele ya obusuma, ugali wetu wa jioni.

"Jumamosi tunafunga ndoa," Zipporah akasema.

"Na nani?"

"Na wewe, mjinga wewe."

Kaka yangu akatafuna, akameza. "Lakini miwa..."

"Itakatwa. Nimeandikia kiwanda cha sukari."

Kweli aliandika, na barua niliipeleka mimi. Karatasi ya kanisa, muhuri wa kanisa, "kwa jina la Bwana wetu," akiwaomba wakate shamba la Cornelius kabla ya harusi ya Jumamosi saa nne. Nilimwambia, wifi, huyo Bwana hajui mambo ya miwa. Akanifukuza ofisini.

Wacha hiyo wiki! Jumanne askofu alituma habari kwamba yeye hali kuku. Woi! Mgeni hali ingokho, sasa tumheshimu kwa nini, kwa maharagwe? Kamati ya akina mama ilikaribia kuvunjika. Jumatano mtoto wa mwisho akashikwa na malaria. Zipporah akamfunga mgongoni na kupiga taipu hivyo hivyo, mtoto akilia kwa ndani na taipureta ikilia kwa nje. Usiku wa siku hiyo alishona gauni.

Alhamisi mjumbe wa kiwanda akafika kwa pikipiki, anacheka. Kwa heshima ya kanisa, ombi limekubaliwa. Wakataji watakuja Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi. Harusi ni saa nne. Kwa hesabu ya kiwanda, hiyo ni kabla.

Na kiwanda hakikataliwi. Ukiwarudisha wakataji, watakurudia miwa ikiwa imekauka hata mbuzi hataki. Na siku ya kukata, mwenye shamba asipokuwepo kulinda, nusu ya miwa yake hupotea kabla trekta haijaondoka.

Nilimkuta Zipporah ofisini analia juu ya vile vyeti tisa.

"Nekoye, nimejichimbia shimo kwa taipureta ya kanisa."

"Si umwambie aache hiyo miwa!"

"Nimwambie mimi? Miaka kumi na minne nimesema mimi. Safari hii aseme yeye."

Jumamosi alivaa gauni lake na bado akafanya kazi, kalamu sikioni, akiita majina ya wenzake na kuwaonyesha pa kutia sahihi. Jozi ya kwanza, ya tatu, ya nane. Kupitia dirishani tuliona moshi upande wa kwetu, wanachoma majani ya miwa. Askofu akatazama saa. Nilitamani kaka yangu afe, Mungu anisamehe.

Mlango ukafunguka. Akaingia mtu mweusi kwa masizi, meno na macho tu, koti la suti juu ya kaptura ya shamba, gambuti miguuni.

"Wewe ni nani?" askofu akauliza.

"Bwana harusi, baba."

Zipporah hakungoja askofu. "Miwa imekatwa?"

"Imekatwa. Trekta inapakia."

"Nani analinda?"

"Hakuna mtu."

Kila mwanaume mle ndani alikuwa na miwa, na mzee mmoja alitoa mguno kama mtu aliyefiwa.

"Wataiba, Baba Jescah."

"Waibe," kaka yangu akasema. "Nilisema ikikatwa. Imekatwa."

Hapo Zipporah alilia mpaka kalamu ikaanguka, na mimi pia, sitadanganya.

Alipotia sahihi, Cornelius alikichafua cheti chote kwa vidole. Kasisi Makhanu akasema si kitu, Jumatatu karani atapiga kingine safi. "Hiki sirudii," Zipporah akamjibu, akakikunja na kukitia kifuani.

Miwa iliibwa kweli, karibu nusu. Waliokula nawajua, na wawili walikuwa kanisani kesho yake, wamenyoosha shingo kungoja Meza ya Bwana. Zipporah aliinuka, akawapita wote, akanywa wa kwanza.