Silabi Iliyomezwa na Kiyoyozi

Jua limekwisha kukolea, na dereva wa kreni, mama mmoja, ameketi juu kabisa kwenye kibanda chake cha vioo, akitamani wingu. Joto amelizoea. Anachoogopa ni wakazi wa jengo la jirani, ambao wakitokwa na jasho kidogo tu huwasha viyoyozi.

Mashine hizo zimefungwa ukutani, usawa wa dirisha lake. Zikianza kazi, redio yake ya mkononi hujaa mkwaruzo, utadhani mtu anakaanga kitu sikioni mwake.

"Moyo unanienda mbio hapo hapo," anamwambia mwandishi wa habari hii. "Kule chini yupo shemeji yangu."

Shemeji, mume wa dada yake, ndiye humwelekeza kwa redio, maana kutoka juu shimo la msingi halionekani. Mwezi uliopita, matofali yakiwa hewani, mguu wa shemeji ulinasa kwenye nondo. Akapiga kelele redioni: "Usishushe!" Mkwaruzo ukaimeza ile "si". Juu ikafika "ushushe".

Akashusha.

Mguu ulichomoka, kiatu kilibaki chini ya matofali. "Dada yangu hajui mpaka leo," anasema mama huyu, macho chini. "Nikiwapelekea watoto wake zawadi, naona haya."

Fundi wa viyoyozi alikagua akasema kadi za umeme zinazoendesha mota ndizo zinazovuruga mawimbi ya redio, na zinahitaji vichujio vya kuzuia mkwaruzo. Mwenye jengo ameahidi kuvifunga. Ahadi bado iko mdomoni.

Kwa sasa wamekubaliana maneno mawili tu: "teremsha" na "ngoja". Lakini hofu haina adabu. Leo asubuhi mzigo wa nondo uliyumba, shemeji akashtuka, na ulimi ukarudia mazoea. Redio ikasema, "...shushe."

Safari hii mkono wa dereva uliganda. Aliuacha mzigo hewani mpaka kibarua mmoja alipopanda kutoka shimoni akimpungia shati asubiri.

Wakati wa chakula anamwambia shemeji kwamba ataacha kazi hii. Shemeji, bingwa wa utani, leo hatanii.

"Shemeji, mimi niko hai leo kwa sababu unaogopa. Akija asiyeogopa, nitapona kweli?"

Dereva anainuka. Anafunga mkanda wake wa usalama, anashika ngazi.

"Nitabaki mpaka vichujio vifungwe," anamwambia mwandishi. "Lakini dada nitamwambia leo, angali ana mume."