Maharage kwenye pindo la gauni

Enzi zetu kule Bujumbura, mtu akikupenda anakuambia umenenepa. Hiyo ilikuwa salamu, inatangulia hata habari za nyumbani. Shangazi akikuangalia kimya asiseme umenenepa, unarudi nyumbani ukijihisi mgonjwa. Leo hapa Kigali nilimwambia binti wa jirani, "Mwanangu, umenenepa vizuri," wiki nzima hakunisalimia. Nasikia ameanza kukimbia kila asubuhi.

Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu tu, halafu nikauza maharage soko la Kimironko, hapahapa Kigali, mpaka magoti yalipokataa. Kwa hiyo habari za kilo nazijua kuliko za vitabu, mnivumilie.

Mama yangu alikuwa mwanamke mkubwa. Kitenge kinachowazunguka wengine mara mbili, yeye kilimzunguka mara moja, tena kwa shida. Lakini mwenyewe alijiona anakwisha. Akikaa kwenye kigoda, kigoda kinalia, na yeye anapapasa mkono wake: "Tazameni, nimebaki mifupa. Hawa watoto wamenimaliza." Baba anakohoa, anageukia ukutani. Baba alikuwa fundi wa baiskeli, mtu mpole sana, na kuna siku alitengeneza baiskeli ya padri akaifunga usukani nyuma mbele... hapana, hiyo tuiache.

Na mimi, Konsolata, nilikuwa mwembamba kama njiti ya kiberiti. Kwenye kuruka kamba hakuna aliyenishinda. Kwenye mpera wa jirani walinituma mimi, kwa sababu lile tawi la juu lenye mapera mekundu lilikuwa halimtaki mtu mwingine. Wenzangu waliona nimekonda, mwalimu aliona nimekonda, Mama peke yake ndiye hakuona. "Huyu? Huyu amejaa! Ni mifupa yake tu iko mirefu." Halafu ananiongezea ugali wa muhogo na ndagala, wale dagaa wa ziwani, waliozama kwenye mawese, ananisimamia kichwani. "Kula. Watu watasema nakula peke yangu."

Kila mwanzo wa mwezi masera, yaani wale masista wa misheni, walikuwa wanapima watoto wa mtaa. Mizani yao ilikuwa ya ndoano, inaning'inia kwenye boriti ya baraza. Wadogo wanawekwa kwenye mfuko wa kitambaa, sisi wakubwa tunashika chuma kwa mikono na kukunja miguu. Mtoto akionekana mwepesi anapewa kopo la maziwa ya unga. Jambo zuri, si ndiyo? Tatizo ni benchi. Kabla ya kupewa kopo, unakaa na mama yako kwenye benchi pale barazani, na njia ya sokoni inapita hapohapo mbele. Mtaa mzima unakuhesabu. Mama aliogopa lile benchi kuliko malaria.

Nilipofika miaka saba, usiku wa kuamkia siku ya kupimwa, akafumua pindo la gauni langu, akalijaza maharage mabichi, akalishona tena kwa uzi mweusi. Asubuhi akanivalisha, na juu yake triko mbili za sufu. Mnaijua Bujumbura na joto lake! Nilitembea kama bata aliyeloa. Sasa kama kweli aliniona nimejaa, maharage yalikuwa ya nini? Nimejiuliza hilo maisha yangu yote.

Nikashika chuma, nikakunja miguu. Sera akasogeza macho kwenye mizani, akatabasamu. "Leo mtoto iko mzito!" Mama akajikohoza, akatazama huku na huku kama watu wamesikia. Hapo hapo uzi ukakatika. Kwanza moja, tak. Halafu tatu. Halafu pindo lote likafunguka, maharage yakamwagika kwenye saruji, yakakimbilia miguu ya sera, kuku wa misheni wakaja mbio. Watu walicheka mpaka wakashikana.

Sera alinivua triko moja moja, akanipima upya, akatuonyesha benchi.

Tulikaa. Mama na ukubwa wake wote, kopo amelificha chini ya kitenge, na sokoni siku hiyo kila mtu alikuwa na haja ya kwenda. Tulipoinuka nikakataa kutembea. Nililia, nikasema sipiti mbele ya wale watu. Mama akainama. "Panda." Tangu mdogo wangu azaliwe nilikuwa sijapanda mgongo ule. Akanifunga, akaanza kwenda haraka haraka kwa hasira, na mimi nikausikia mwendo wake ukipungua kidogo kidogo mpaka akasimama katikati ya njia. Akanirusha juu kidogo, kama mtu anayepima gunia. Akanirusha tena.

"Kumbe," akasema.

Basi, hilo tu. Nyumbani akabandua karatasi ya kopo ili majirani wasilijue, akakoroga maziwa kwenye uji wa mtama. Na tangu hapo kila Jumapili alinibeba kutoka mlangoni mpaka kisimani na kurudi. Kwa masera tulikwenda, benchi tulikaa, lakini jibu alilingoja mgongoni kwake.

Sasa sikilizeni ya leo. Binti yangu Alina anaishi mtaa wa Kagugu, ana saa ya mkononi inayomhesabia hatua. Ukimwona ni mwembamba kama mti wa ufagio, lakini akipita kwenye kioo anashika tumbo: "Mama, nimekuwa tembo." Mtoto wake Keza, miaka tisa, ana mashavu na kitambi kidogo cha soda. Shule ikaleta barua kwamba uzito umezidi, apimwe tena kliniki. Sikatai, pengine barua ni ya kweli, mtoto anacheza kwa vidole tu, kwenye simu. Lakini tangu siku ile Keza akawa ananiambia mimi bibi yake, "Nyogokuru, nimeshiba," kabla sijapakua. Hicho ndicho kilichonikosesha raha. Mtoto anayeogopa sahani!

Nikaenda nao kliniki. Alina akamvua viatu. Akamvua sweta. "Na soksi?" Keza akauliza. "Na soksi." Halafu, jamani, akaanza kumtoa shanga za kwenye nywele, moja moja! Nikacheka mpaka nesi akaniletea kiti. Alina akanuna. "Mama, unacheka nini?"

Nikawasimulia maharage, palepale. Keza alicheka hadi kwikwi. Alina hakucheka sana. Aliangalia zile shanga mkononi mwake.

Tulipofika nyumbani nikamwambia, "Mbebe mwanao mpaka getini."

"Mama, huyu ni mkubwa!"

"Mbebe."

Akachukua kitenge changu, akainama. Keza akapanda, miguu inaning'inia karibu iguse chini. Wakaenda getini, wakarudi, Alina anahema kama pikipiki kwenye mlima. Keza akanong'ona kwenye shingo yake, "Mama, mimi ni mzito sana?"

"Mzito," Alina akasema. Nikashika kichwa. Lakini hakumshusha. Akamvuta vizuri mgongoni, akageuka, akaenda getini mara ya pili.

Jioni ile Keza alikula isombe, mboga ya majani ya muhogo, akaomba tena. Siku hizi Jumapili wanatembea wote wawili, na ile saa inabaki mezani inahesabu hatua za meza.

Vijana, mna mizani ya kioo, mna simu zinazojua mmekula nini. Sisi tulikuwa na mgongo mmoja tu, nao umelala Bujumbura. Mimi sasa nimejaa mlango, motari wa pikipiki akiniona anajifanya ana abiria mwingine. Lakini najua Mama angenifungulia leo, angenitazama juu mpaka chini na kusema, "Konsolata, mbona umekonda hivi? Ingia ule."