Mzee Anayeua Redio

Kwa hoteli moja hapa Ruiru, mzee fulani wa Ngoliba akiingia tu, redio inanyamaza. Jumamosi alikuja kusikiza salamu za kijana yake aliye Mombasa. Akaagiza chai ile moja anakunywanga mpaka jioni. Redio ikakata.

"Mzee, uko na damu mbaya! Toka, redio ipone!" mwenye hoteli akasema.

"Wacha nisikie mtoto wangu tu, nitaenda."

Watu wakacheka. Lakini mimi, mtu wa macho makali, wa kukaa Ruiru na kuona siafu ya Thika, nikaona kidole cha mguu cha mwenye hoteli kikivuta waya ya betri chini ya meza. Nikakikanyaga na buti, nikarudisha waya. Salamu zikasomwa, mzee akalia.

Redio imepona kabisa. Mwenye hoteli ndiye anachechemea.