Masikio ya Atupele

Siku ile naikumbuka, mwanangu, kwa sababu ndiyo siku pekee baba mkwe wangu aliyowahi kunisemesha. Nilikuwa jikoni kwangu, huku Rungwe, namenya ndizi. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, na kiburi cha mkamwana anayesifiwa kwa adabu.

Ninyi wa siku hizi mnakula meza moja na wakwe zenu, mnataniana nao. Kwetu Wanyakyusa wa zamani, mkamwana hakutazamana na baba mkwe wala kuzungumza naye. Akimwona njiani, anakatiza migombani. Wengi walikuwa wameshaiacha mila hiyo. Mimi niliishika kwa mikono miwili, maana watu walinisifu.

Kwa hiyo mzee akiwa na neno kwangu, alimtuma Atupele, binti yangu wa miaka sita. Atupele alilala mdomo wazi, akikoroma kama mtu mzima, na kila masika alitoka usaha masikioni. Ukimwita hageuki. Nilimchapa kwa hilo, sitaficha, nikisema ni mtoto jeuri. Babu yake akimtuma, alifika akanitazama tu. Nikamchapa kwa hilo pia, nikidhani amesahau alichotumwa.

Siku hiyo mzee akaja mwenyewe. Akasimama mlangoni pa jiko, macho chini.

"Mkamwana, unisamehe," akasema. "Nimekutumia neno mara nne, halijafika. Mtoto huyu hasikii. Nimepiga debe nyuma yake, hakushtuka. Mpelekeni hospitali Mbeya."

Unadhani nilimjibu? Nilijifunika kanga usoni, nikatokea mlango wa nyuma. Jioni nikamshtaki kwa mume wangu kwamba baba yake amenivunjia heshima. Wazee wa ukoo wakaitwa, wakamkemea mtu wa umri ule mbele ya wanawe. Tulijadili mila mpaka tukachoka. Masikio ya mtoto hakuna aliyeyataja. Mzee hakukanyaga tena ua wetu, na mwaka uliofuata tulimzika.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini guu lililovunjika halikuwa langu. Tulipompeleka Atupele hospitali alikuwa na miaka kumi na miwili, na ngoma za masikio zilikuwa zimeharibika kwa usaha wa miaka. Leo ni mama mzima. Anasoma midomo yetu, na akichoka kuisoma anainamisha kichwa.

Majuto ni mjukuu, na wangu anaitwa Neema. Ni binti wa Atupele, ana miaka saba, naye analala mdomo wazi vilevile, na alikuwa akiitwa kwa nyuma haitiki. Safari hii sikungoja. Daktari wa masikio pale Mbeya alitutuma kwa mwenzake wa meno, naye akanionyesha kaakaa lake: jembamba, limepanda juu kama paa la nyumba. Akasema kwa baadhi ya watoto, kaakaa likibanana hivyo, mrija unaotoka sikioni kwenda nyuma ya pua haufunguki vizuri, maji yanakaa ndani ya sikio. Akamfunga chuma chenye skrubu ndani ya mdomo. Kila siku tunaizungusha kwa kifunguo kidogo, na kaakaa linapanuka taratibu. Hakuniahidi kitu. Alisema wapo wanaosikia vizuri zaidi na wapo wasiobadilika, ila mifupa ya mtoto bado inakubali. Samaki mkunje angali mbichi.

Anayezungusha ni mimi. Neema analia, nami namfuta machozi nikimaliza. Wiki ya saba, akiwa amenipa mgongo anachambua maharage, nilimwita kwa sauti ya kawaida. Akaitika, "Abee, bibi." Nikaketi chini nikalia. Atupele alikuwa hatua mbili kutoka pale, na aliendelea kufua.

Mwanangu, mtoto asiyeitika usimchape kabla hajapimwa masikio. Anayekoroma na kulala mdomo wazi mpeleke akaangaliwe pua, koo na kaakaa, tena mapema, maana usipoziba ufa utajenga ukuta. Na anayekuletea neno la kumwokoa mwanao, msikilize, hata akikosea namna ya kulileta. Mimi nililinda sifa yangu, na Atupele amekuwa mtu mzima hajui sauti yangu ilivyo.

Mungu akujalie uitwe mama, na ukiita, uitikiwe.