Firigisi Aliyonirudishia Mgeni

Wenzangu, leo nimekula kuku mbele ya wanaume!

Wageni wa misheni kutoka ng'ambo walishuka garimoshi Tororo, wakaja chuoni kwetu. Mimi, binti wa Kisamia wa Busia, ndiye niliyewapikia.

Firigisi, kipande cha kuku anachopewa mkubwa wa wote, nikampa kiongozi wao, mama mmoja mzungu.

Akanirudishia! "Mpishi ale kwanza."

Baadhi yenu mkainamia sahani. Kwetu mwanamke hupika kuku lakini haruhusiwi kumla.

Mkuu wa chuo akanikazia macho. "Binti, weka chini."

"Mwalimu, mgeni amenipa."

Nikatafuna taratibu mpaka ikaisha. (Kumbe siku zote naweka chumvi kidogo!)

Nyinyi mlioinamia sahani, semeni sasa.

Mama yangu amepika kuku maisha yake yote, hajaonja hata mchuzi. Jumapili nakwenda kumpikia.