Nilimwonesha mama ramani ya mvutano wa bahari, akaniuliza swali moja

Wakuu, habari za humu. Leo sina chai, haya yamenikuta mwenyewe hapa Unguja.

Mimi ni binti wa Jambiani, nasoma masters ya mambo ya ramani, nimepanga chumba Mji Mkongwe. Msimamizi wangu alinipa mada: kuchora tofauti za mvutano wa dunia baharini kwa data za satelaiti.

Mama aliposikia bahari tu, akagoma. Kaka yangu Haji alitoka kuvua upande wa mashariki hakurudi, na mwili haukuonekana. Tangu hapo mama hashuki pwani, hata mwani wake aliuacha. Akasema kwa mada hiyo hanipi radhi. Na mimi bila radhi ya mama siendi popote, mnicheke mkitaka.

Nikabeba laptop nikaenda kumwonesha kwamba sitapanda chombo chochote.

Sasa wakuu, hapa ndipo akili yangu huwa inasimama.

Bahari haiko tambarare. Toa mawimbi, toa maji kujaa na kupwa, bado ina vilima na mabonde. Chini kukiwa na mlima, uzito wake unayavuta maji ya jirani, yanarundikana juu yake. Ukipita na boti hujui kitu, mteremko ni mdogo mno.

Satelaiti huko juu inapiga rada, inangoja irudi, inajua maji yamepanda au yameshuka. Inarudia tena na tena. Ukiipigia hesabu ile miteremko unapata mvutano, na mlima ambao hakuna binadamu aliyewahi kuuona unakutokea kwenye kioo. Subhanallah! Mara ya kwanza niliacha kila kitu nikawa nauangalia tu.

(Wale wa "dunia ni bapa" naomba mpite kimya.)

Nikamwonesha mama doa jekundu, mlima mmoja wa chini ya maji, mbali mashariki ya kwetu. Nikamweleza kuwa kila chenye uzito huvuta maji upande wake.

Akaondoa macho kwenye laptop. Nikajua nimeshaharibu.

"Kila kitu?"

"Naam mama. Hata kiwe kidogo."

"Basi na Haji anayavuta."

Wakuu, hakuna satelaiti inayoweza kuona kitu kidogo hivyo. Lakini kanuni ni ile ile, haimbagui mtu.

"Anavuta, mama. Kidogo sana, lakini anavuta."

Tulilia wote wawili.

Kwetu baada ya sala ya Idi watu huzuru makaburi, na mama miaka yote hakuwa na kaburi la kusomea. Idi iliyofuata alivaa buibui lake akashuka pwani, akasimama maji yanamfika vifundoni, akamsomea Haji Fatiha. Aliporudi akaniambia nikamalize kazi yangu.

Somo nililolipata: usimfiche mzazi unachosoma. Mweleze mpaka mwisho, hata pale unapoogopa.

Humu kuna mwenye ndugu aliyebaki majini? Niambieni, nyie huwa mnamsomea wapi?