Mama Akilima kwa Gomesi

Habari ilinifikia Jumanne asubuhi, kwa simu ya fundi mwenzake wa pale sokoni Busia: yule mama aliyewashonea wanangu sare za shule tangu darasa la kwanza amefariki, na maziko ni Ijumaa kwao Iyolwa. Sikuwa rafiki yake. Nilikuwa mteja, na mteja hujua machache tu ya fundi wake. Lakini mwaka mmoja sare zilichelewa, nikamfuata nyumbani kwake upande wa Uganda, na nilipokuwa nikimngoja amalizie vifungo niliona ukutani jambo ambalo sijaliona katika nyumba nyingine.

Picha zake zote zilikuwa za watu wa ukoo wake wakiwa kazini. Hapakuwa na harusi, wala mahafali, wala mtu aliyesimama studio kando ya maua ya plastiki. Babu yake alikuwa na kikosi cha wafanyakazi wa reli kule Tororo, nyundo begani, miguu mitupu. Baba yake alikuwa akipima pamba. Shangazi alikuwa akianika mashuka ya hospitali ya Masafu. Kaka yake, wakati huo kijana mwembamba, alikuwa akikanyaga baiskeli ya boda kuelekea mpakani, abiria amekalia mto nyuma yake. Nilimuuliza mbona hakuna harusi. "Harusi ni siku moja," akasema bila kuinua macho. "Hizo siku zingine zote walikuwa wanafanya nini?"

Picha kubwa kuliko zote ilikuwa ya mama yake akilima, na habari zake alinisimulia. Fundi aligundua kwamba mama yake, aliyefanya kazi kuwashinda wote, hakuwamo ukutani, kwa kuwa hakuna aliyewahi kufikiria kumwita mpiga picha shambani. Akamleta mmoja kutoka mjini Tororo. Mama akakataa. "Siwezi pigwa picha na nguo ya shamba kama mtu hana watoto. Nakwenda vaa gomesi kwanza." Akarudi na gauni lake la kanisani, mabega yamesimama, mshipi umefungwa sawasawa, kisha binti akamwambia aendelee kulima. Mama alicheka, halafu akakasirika, halafu akainama akalima. Hapo ndipo picha ilipopigwa: mgongo umepinda, gomesi linang'aa, jembe limezama udongoni, na nyuma yake mstari wa miti ya mpaka wa shamba.

Kaka yake hakuipenda. Siku hizo alikwishaacha baiskeli na kupata ofisi Nairobi. Mama yao alipofariki, aliitungua ukutani kabla waombolezaji hawajafika. "Unataka wakubwa wangu wa kazi waone mama yetu kama kibarua?" alimwambia dada yake, akaitia kwenye sanduku akaondoka nayo. Hawakusemezana karibu mwaka mzima. Kisha baba yao mdogo akajitokeza na kudai lile shamba. Alisema shemeji yake hakuwahi kulilima, kwamba tangu zamani lilikuwa lake yeye, amelipumzisha tu. Wazee wa ukoo wakaitisha kikao. Kaka akashuka na basi la asubuhi, picha imefungwa gazetini. Wazee waliipokezana, wakahesabu miti mmoja mmoja, wakaenda kuilinganisha na ile iliyosimama shambani. "Picha haisemi," akasema baba mdogo. Mzee mmoja akamjibu, "Sawa. Basi leta yako, wewe ukilima." Hakuwa nayo. Shamba likabaki kwa watoto wa marehemu. Nilimuuliza fundi kama kaka yake aliomba radhi. "Hakuomba radhi," akasema. "Aliomba nyundo." Picha akaitundika mwenyewe.

Ijumaa, baada ya maziko, nilizungumza na binti wa huyo kaka, anayeshughulikia karatasi za mizigo mpakani. Nilimuuliza kama ana picha yake akiwa kazini. Akanishangaa. "Nipigwe nikifanya nini, mzee? Mimi si nakaa tu naangalia kompyuta." Simu yake ina picha nyingi kuliko zote zilizowahi kupigwa katika ukoo wake, na hakuna hata moja inayoonyesha anakula kwa jasho la nini. Simlaumu. Kazi nyingi za leo hazina umbo la kupigwa picha. Lakini zile zenye umbo, za jembe, beleshi na ufagio, hizo tunazikwepa kwa makusudi. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Siku hizi hatulichagui, tunalificha, hasa likiwa ni la mzazi aliyetusomesha.

Nami sijasalimika. Wasomaji wa siku nyingi watakumbuka kwamba zaidi ya mara moja nimeandika katika safu hii kuwa marehemu baba yangu alikuwa mkandarasi. Si kweli. Baba yangu alikuwa mchimbaji wa vyoo. Alivichimba kwa mikono yake, kutoka Kiyeyi hadi mitaa ya Busia, pande zote mbili za mpaka, na kila kitabu nilichosoma kilitoka katika mashimo hayo. Hakuwahi kuniambia nimwite jina jingine. Nililitafuta mwenyewe, yeye akiwa kaburini, hawezi kunikanusha. Mzazi akishatulisha kwa kazi yake, deni dogo tunaloweza kumlipa ni kuitaja kazi hiyo kwa jina lake. Nimechelewa, lakini leo naitaja.